Kitunguu Saumu Kichwani kwa Mwanangu

Kila Jumatatu asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, nilikuwa napita kwenye mistari ya wanafunzi na fimbo yangu nikikagua usafi. Kucha, shingo, soksi, nywele. Ndiyo kazi niliyopewa na mwalimu mkuu na, sitaki kudanganya, niliipenda. Mtoto mwenye mapunye nilimtoa mbele ya wenzake, nikamwinamisha kichwa, nikaweka ncha ya fimbo kwenye duara moja jeupe na kuuliza, "Hii nchi gani?" Shule nzima inacheka. "Na hii?" Wanacheka tena. Kuna mvulana mmoja wa darasa la tatu nilimwita Ramani, na jina likamganda mpaka akamaliza la saba. Walimu wenzangu nao walimwita hivyo hivyo.

Nalisema hili mapema ili nisije nikaonewa huruma nisiyostahili. Mapunye ni fangasi wa kichwani. Ngozi inatoa unga, nywele zinakatika, panabaki viduara vyeupe vinavyowasha. Hayaui mtu. Ila huku kwetu Sumbawanga watu wanayaona ni ugonjwa wa uchafu, wa nyumba ambayo sabuni inatosha kufua tu, na bingwa wa kusema hivyo nilikuwa mimi. Mtu wa mbali akisikia natoka Sumbawanga anauliza kama nasafiri kwa ungo kama wachawi, nami nachukia kudharauliwa kijinga namna hiyo. Lakini kudharau watoto wa wenzangu kwa sababu ya vichwa vyao, hilo halikunisumbua hata siku moja.

Basi malipo ni hapa hapa duniani.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Wakati ule alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la nne katika shule hiyo hiyo ninayofundisha. Baba yake ni dereva wa fuso, anapakia mahindi Laela anashusha Tunduma, akikaa nyumbani siku mbili tunashangaa. Likizo ya mwezi wa sita tulimpeleka mtoto kwa bibi yake, mama mkwe wangu, kijijini upande wa Laela. Huko mahindi yalikuwa yanavunwa, na kulikuwa na ndama ambaye mama yake alikufa. Binti yangu akamchukua kuwa wake. Anamnywesha maziwa kwenye chupa, anamkumbatia shingoni, anamvika hata khanga. Bibi yake alimtania, "Mke mwenzangu, umeniletea mume mwenye pembe."

Aliporudi nilimwogesha kwenye beseni uani, upepo wa mwezi wa saba unakata masikio. Nikaona juu ya sikio la kushoto duara, saizi ya kifuniko cha soda, kavu, jeupe, halina nywele.

"Hiki nini?"

"Kinawasha, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kwa bibi."

Nikamzaba kofi mgongoni, mgongo wenyewe umelowa maji. Kwa kosa gani, mpaka leo sijui. Nilikuwa na hasira, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Mikono ikiwa na povu bado nikampigia mama mkwe. Shikamoo yenyewe niliitupa tu. "Mama, umenirudishia mtoto ana mapunye."

"Marahaba. Lo, pole. Hata ndama anayo, machoni na shingoni. Atakuwa kayatoa huko, maana walikuwa wanalala kama mapacha. Mpeleke zahanati, mwanangu, wana vidonge vya hiyo kitu."

"Mama, mtoto wangu si ndama."

"Haya, mwalimu," akasema. Mama mkwe ananiita mwanangu siku zote. Akiniita mwalimu, ujue nimemuudhi.

Sikumpeleka zahanati. Zahanati iko nyuma ya shule yetu, na benchi lake linajaa wazazi wa wanafunzi wangu. Nesi anayeandika majina ana mtoto darasani kwangu, na mtoto huyo niliwahi kumtoa mstarini. Mimi nikakae pale, mwanangu kainamisha kichwa, watu wanakohoa na kugusana viwiko! Weee, bora nife. Na komunyo ya kwanza ya mtoto ilikuwa imebaki wiki tisa. Gauni jeupe lilikuwa kwa fundi, taji la maua nimeshaagiza, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya sherehe ni nani? Ni mimi. Nikajiambia kwamba mpaka Jumapili ile kichwa kitakuwa safi na hakuna mtu atakayejua kilikuwa na nini. Hilo tu ndilo nililolitaka, na kwa ajili ya hilo nilikuwa tayari kufanya lolote.

Kwenye simu nilikuwa na kundi la tiba asilia. Watu kama mia mbili, kila asubuhi wanatumiana picha za majani. Mkuu wa kundi alijiita mtaalamu, na kila ujumbe wake aliufunga kwa maneno yale yale, kwamba asili haina madhara. Nikamwandikia kwa siri, nikasema ni mtoto wa jirani. Akajibu haraka kwamba hospitali watampa kemikali zitakazomharibu ini, lakini Mungu ametuwekea kila kitu shambani.

Tukaanza na mwarobaini. Kwetu juu hapa kuna baridi, mti huo haukubali vizuri, lakini sokoni kulikuwa na mama wa Kipili, kule ziwani, anayepandisha dagaa, naye akaniletea majani fungu zima. Nikayachemsha mpaka maji yakawa kijani, nikawa namwosha kichwa asubuhi na jioni. Maji machungu yakimfikia mdomoni anatema, nami namwambia funga mdomo. Nisiusingizie mwarobaini, haukumdhuru. Muwasho ulipungua siku mbili tatu. Ila duara halikupungua, na wiki ya pili likazaa mwenzake.

Mtaalamu akasema papai bichi. Unalikwangua ganda, linatoa utomvu mweupe, unapaka. Nikapaka. Mtoto akaruka. Nikamshika. Kesho yake nikapaka tena, halafu ndimu na chumvi juu ya palipochubuka. Akawa akiona nimeshika bakuli dogo la bluu anaanza kulia kabla sijasema neno. Nikamwambia wasichana wakubwa hawalii. Viduara vikawa vitatu.

Nikamnunulia kofia ya sufu. Mwezi wa saba na wa nane huku kila mtu anavaa kofia, nani atauliza? Mwalimu wake wa darasa nilimwambia mtoto anaumwa masikio. Ikapita wiki moja salama. Siku moja wakiwa mapumzikoni mwenzake akamvua kofia akakimbia nayo, na watoto wakamzunguka.

Nyumbani alikula ugali na maharage, akamaliza, akanawa. Kisha akasema, "Mama, leo wameniuliza hii nchi gani."

Nikajifanya sijasikia.

"Wamenigusa na kijiti, wakaniuliza hii nchi gani. Vile unavyosemaga wewe mstarini."

Hakusema kwa lawama. Alikuwa ananieleza tu, kama vile labda mimi najua jibu lake. Nilipaswa kumkumbatia pale pale, nimwambie mama amekosea. Badala yake aibu ilinipanda, na mimi aibu ikinipanda inageuka hasira kabla haijafika kooni. Nikamuuliza kwa nini alikubali kuvuliwa kofia. Nikamwambia mzembe. Halafu nikaingia chumbani nikamwandikia mtaalamu kwamba nataka dawa kali, ya kumaliza kabisa, maana imebaki wiki tatu.

Akajibu: kitunguu saumu. Ponda punje nyingi, bandika, funga vizuri hewa isiingie, acha kwa saa kadhaa. Akaongeza kwamba itawasha, na ikiwasha ujue fangasi wanakufa.

Hili la kuwasha sikuhitaji kufundishwa na kundi la simu. Nimekulia humo. Kwetu dawa tamu si dawa. Kidonda kilipakwa spiriti ukauma kitambaa, kifua kilichuliwa mpaka ngozi ikawa nyekundu, na mtoto akilia wakubwa wanapeana jicho la kuridhika, dawa imeshika. Sikuwahi kumsikia mtu akisema labda mtoto analia kwa sababu anaumia. Kwa hiyo nilivyoambiwa itawasha, nikaamini zaidi.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya Jumatano, baada ya shule. Nikatwanga kwenye kinu kidogo, nikabandika, nikafunga na kitambaa. Nikaenda kuanua nguo. Niliporudi kitambaa kiko chini na vitunguu viko kwenye ndoo ya takataka.

"Nani kakuambia utoe?"

"Inachoma, mama. Inachoma sana."

"Mapunye ndiyo yanachomwa. Lete mkono."

Nikamchapa viboko vitatu kiganjani. Nikamwambia akitoa tena nitamchapa mara mbili ya hivyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema, na mimi methali hiyo niliifundisha darasa la sita, nikaitungia na swali la mtihani.

Jumamosi asubuhi nikarudia. Safari hii nilitwanga vingi, nikabandika juu ya viduara vyote vitatu kwa unene wa kidole, nikamvisha mfuko wa nailoni, nikaukaza kwa kitambaa, na juu ya kitambaa nikaweka ile kofia ya sufu. Nikamkalisha kwenye kigoda jikoni. Nikasema, "Usiguse mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Ilikuwa saa tatu. Nikaenda kwenye kikao cha kamati ya komunyo.

Hapa nataka niseme kikao kile kilihusu nini, maana nakikumbuka chote. Tulijadili pilau, nani atatoa mbuzi, nani atakodi viti. Mzazi mmoja alitaka utepe wa njano kwenye mishumaa, mimi nikataka mweupe. Tulibishana utepe zaidi ya saa nzima. Nilisimama, nikatoa hoja, nikapigiwa makofi. Kikao kikaisha, nikakaa nikanywa soda na wenzangu, tukamsengenya yule wa utepe wa njano. Nikapitia kwa fundi nikaangalia gauni. Niliporudi nyumbani ilikuwa saa kumi jioni.

Alikuwa bado pale pale kwenye kigoda. Mikono ameikalia. Uso umemvimba kwa kulia na machozi yalishakauka, yameacha michirizi ya chumvi mashavuni. Sinia la chakula nililomwachia halijaguswa. Aliponiona akanyanyua kichwa kidogo, taratibu, akasema:

"Mama, sijaitoa."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Hodari."

Nikavua kofia. Nikafungua kitambaa. Nilipovuta mfuko, ngozi ikaja nayo. Pale juu ya sikio palikuwa pabichi, pekundu, panatoa maji, na pembeni malengelenge yamejaa kama maharage yaliyolowekwa. Harufu ya kitunguu ilinipanda puani nikarudi nyuma. Yeye akaniangalia usoni aone kama imefanya kazi.

"Yamekufa?" akauliza.

Nikachota maji nikamwosha, akapiga kelele ambayo majirani wote waliisikia na hakuna aliyekuja, kwa sababu kelele za mtoto wa mwalimu kuchapwa walishazizoea. Nikampaka asali. Nikamlaza. Na hata hapo sikumpeleka popote. Nilikaa kitandani nikihesabu wiki, nikifikiria kama taji la maua linaweza kusogezwa upande wa kushoto likafunika.

Asubuhi yake Jumapili mama mkwe akabisha hodi, na gunia la ulezi, na maharage, na kuku amemfunga miguu. Mume wangu alikuwa amempitia barabarani akamwambia mtoto anaumwa kichwa. Aliingia, "Tumsifu Yesu Kristo," nikaitikia milele na milele amina, akauliza mke mwenzake yuko wapi. Akaenda chumbani. Sikumfuata.

Alipotoka aliniambia kwa Kiswahili. Mama mkwe na mimi tunaongea Kifipa siku zote. Kiswahili anakiweka kwa ajili ya maofisini, na siku ile alikitumia kwangu, neno moja moja, kama anaongea na karani asiyemjua.

"Umempaka nini?"

"Kitunguu saumu, mama. Ni dawa ya asili, hata ninyi wazee..."

"Sisi wazee tulitumia majani kwa sababu hatukuwa na duka la dawa. Na tulikuwa tunamwangalia mtoto usoni. Ndama wangu nilimwosha kwa maji ya majivu, nikampaka mafuta ya nyonyo, nikamtenga na wenzake, nikamwacha juani. Akipiga teke, naacha, naenda kesho yake. Manyoya yanaota. Sikumfunga mfuko."

"Mama, ndama haendi komunyo."

"Ndiyo. Na ndama hana mama mwalimu. Kapata bahati."

Akambeba mtoto mgongoni, miaka tisa yule, miguu inaning'inia, akashika njia ya hospitali. Nikawafuata nyuma na mkoba. Watu wanatoka kanisani, wamevaa vizuri, wananiamkia mwalimu, mwalimu.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, kakesha zamu. Alifunua kitambaa, akanusa, akatuangalia wote watatu.

"Hii imeungua. Imekuwaje?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mwanangu akajibu.

"Nilijimwagia maji ya chai."

Hakuna aliyemfundisha. Hatukuwa tumezungumza njiani. Daktari akasema, "Chai yenu ina vitunguu saumu?" Akajibu haraka, "Nilikuwa napika mboga pia." Kisha akanitazama mimi, kwa pembe ya jicho, kuona kama kasema sawa.

Ulikuwa wakati wangu. Neno moja lingetosha. Nilimtazama daktari nikacheka kidogo, cheko la mzazi aliyechoka, nikasema, "Watoto hawa, daktari. Hawatulii."

Mama mkwe aligeukia dirishani.

Daktari alielewa, naamini, ila hakutaka kugombana na mtu mzima mbele ya mtoto. Alisafisha kidonda, akaandika dawa ya kupaka ya kuungua, akaandika na vidonge vya mapunye vya kumeza kila siku baada ya chakula kwa wiki kadhaa. Alizungumza akielekea kwa bibi. Alisema mapunye ya kichwani yanakaa ndani kwenye shina la nywele, ukipaka juu juu hayafikiwi, yawe majani au mafuta ya dukani. Alisema kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi kinaunguza sawasawa na moto. Alisema pia vitana, kofia na taulo vichemshwe. "Na huyu mtoto," akamalizia, "angekuja mwezi wa saba, sasa hivi angekuwa amepona."

Tulirudi kwa miguu mpaka getini kwetu. Mama mkwe akasimama, mtoto kalala mgongoni, akarudi kwenye Kifipa. Akasema siku zote mama ndiye anayemficha mtoto, leo mtoto kakuficha wewe. Akaingia ndani.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilibadilika. Watu wanapenda kusikia hivyo. Katekista aliniambia hakuna tatizo, mtoto aje na kitambaa cheupe kichwani, Yesu haangalii nywele. Mimi nikakataa. Nilijua watu wangeuliza kitambaa cha nini, na wale watoto wa mapumzikoni wote walikuwa kwenye kundi hilo hilo la komunyo. Nikasema ana homa. Nikamwambia mtoto atapokea mwaka ujao. Akauliza, "Na gauni?" Nikamwambia litakuwa limembana, tutashona jingine. Akasema sawa.

Jumapili ile nilienda kanisani peke yangu, mwenyekiti wa kamati, nikapanga watoto wa wenzangu kwa mistari, mishumaa yenye utepe mweupe mikononi mwao. Nikatabasamu kwenye picha zote. Mwanangu alibaki nyumbani na bibi yake, na niliporudi na sahani ya pilau niliyomfungia, nikamkuta amevaa lile gauni juu ya nguo zake za kushindia, anacheza rede peke yake uani, mpira anaurushia ukutani. Aliponiona akalivua haraka akalikunja vizuri. Bibi yake alimwambia hakuna ulazima wa kulivua, na yeye akaendelea kulikunja.

Vidonge vilimaliza mapunye. Mwezi wa kumi na moja nywele zilikuwa zimeota kotekote isipokuwa pale palipoungua. Hapo hapajaota na daktari alisema hapataota, ngozi imekufa. Ni pana kama kiganja cha mtoto. Kuhusu ndama, nilimwona mwenyewe mwezi wa kumi na mbili tulipokwenda kusherehekea Noeli: amenenepa, manyoya yanang'aa, hana hata doa. Alikuwa anajikuna kwenye mti kwa raha zake tu.

Komunyo aliipokea mwaka uliofuata huko kijijini, aliomba mwenyewe iwe huko. Nilienda. Alitoka altareni, akampita baba yake, akanipita mimi, akamwendea bibi yake.

Swali la nchi niliacha kuuliza. Fimbo sikuiacha mara moja, nisijipambe. Ramani sasa ni kijana mkubwa, anaendesha bodaboda pale stendi, na akiniona anasema shikamoo mwalimu kwa heshima zote, hata alinibeba siku moja nikiwa na mizigo. Nilikaa nyuma yake nimekishika kiti, kisogo chake mbele ya macho yangu, nikatafuta maneno toka stendi mpaka nyumbani. Nikashuka, nikamwambia asante.

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Yuko kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Nkasi, na anafanya vizuri darasani. Ni mpole. Likizo anaosha vyombo bila kuambiwa, anaitika kabla sijamaliza kuita, na watu wananisifu kwamba nimelea. Nilipokuwa nasifiwa hivyo nilikuwa naitikia, ndiyo, nimejitahidi.

Mwezi uliopita matroni wa bweni alinipigia simu mchana, nikiwa nasahihisha madaftari. Akaniamkia vizuri, akasema nisiwe na hofu, binti ana fangasi miguuni, katikati ya vidole, wasichana wengi wanazo kwa sababu ya mabafu ya pamoja. Ila yeye alizificha. Kama wiki tano alivaa soksi usiku na mchana, akawa hata kuoga anaoga mwisho, wenzake wametoka. Sasa vidole vimechanika, vimeingia usaha, mguu umevimba mpaka kiatu hakiingii. Amegunduliwa kwa sababu alianguka mstarini.

"Amepata dawa?" nikauliza.

"Ameanza leo. Lakini daktari amesema arudi nyumbani apumzike wiki moja, na mtu mzima aje kumchukua. Nimepata shida kidogo, mama. Hakutaka nikupigie wewe. Alinipa namba ya bibi yake. Nimeipiga toka asubuhi haipatikani, ndipo nikatafuta yako kwenye faili."

Nikamwambia simu ya bibi yake mara nyingi haina chaji, huko umeme ni wa jua. Nikasema nakuja, nakuja leo leo, napanda gari la saa nane.

Nilisikia sauti za wasichana nyuma ya matroni, na mlango unafungwa.

"Mama, samahani. Sijui nyumbani kukoje na mimi si vizuri kuingilia. Nilimwambia basi nampigia mama, akaanza kutetemeka. Mtoto mkubwa vile. Nikamuuliza, mama yako anakupiga? Akasema hapana, mama ananipenda. Nikamuuliza, sasa unaogopa nini? Akasema, mama akija atanitibu."

Niliweka kalamu chini. Darasa la tano lilikuwa linaimba jedwali la saba upande wa pili wa ukuta. Nilimwambia matroni asubiri, nitampata bibi yake aje kumchukua. Nikampigia jirani wa mama mkwe, jirani akapeleka simu shambani kwake. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, hakuniita mwalimu, hakuniita mwanangu. Akauliza tu gari la Nkasi linaondoka saa ngapi.

Kesho yake asubuhi alifika stendi ya Sumbawanga na basi la kwanza kutoka Laela. Nilikuwa nimeshamkatia tiketi ya kuendelea. Nilimnunulia maji na maandazi, nikampa na viatu vya wazi nilivyomnunulia mtoto, vya kumwachia vidole hewa. Nikampandisha, nikamtafutia kiti cha dirishani. Akaniuliza kama sina ujumbe. Nikamwambia mwambie asiogope, sikuja. Akaitika kwa kichwa. Gari likatoka, nami nikarudi shuleni kufundisha.